Sambusa Haiulizwi Kwao



Jumamosi moja ya kiangazi niliwachukua wanafunzi watatu wa darasa langu la jioni, tukatoka Bujumbura alfajiri kuelekea Rumonge. Nia yangu ilikuwa ya kielimu, au ndivyo nilivyojiambia. Nilitaka wasikie Kiswahili kinachosemwa sokoni na ufukweni, kile ambacho hakingoji kusahihishwa na mwalimu mwenye chaki. Rumonge iko kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, na barabara huandamana na Ziwa Tanganyika karibu njia nzima: Kabezi, Gitaza, Magara, Minago. Maji yako mkono wa kulia, milima iko mkono wa kushoto, na kadiri unavyoukaribia mji ndivyo michikichi inavyozidi kuongezeka, kwa kuwa huko ndiko kitovu cha mawese katika Burundi nzima.

Tulizunguka sokoni, tukasimama ufukweni kutazama ndagala walioanikwa juani, tukajifunza majina ya nyavu ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Kufikia saa saba mchana njaa ilikuwa imetushika, tukaingia katika mgahawa mdogo usio mbali na soko. Ulikuwa na meza nne za mbao zilizofunikwa kwa plastiki yenye maua, birika na beseni la kunawia mikono mlangoni, na jiko la mkaa upande wa nyuma, ambako mafuta yalikuwa yakichemka. Mhudumu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alitupokea kwa sauti ya uchangamfu.

“Karibuni, wageni wetu. Kuna ugali wa muhogo, kuna wali, maharage, sombe, ndagala wa kukaanga. Na leo kuna tambi za nyama. Sambusa ndiyo kwanza zinatoka motoni.”

Tuliagiza tambi na sambusa. Nitakieleza kidogo chakula hicho, maana kina sehemu kubwa katika hoja yangu. Tambi zilikuwa zimekaangwa kwa mawese pamoja na vitunguu, nyanya na vipande vidogo vya nyama ya ng’ombe, zikawa na rangi ya jua linapotua. Sambusa zilikuwa nene kuliko zile za pwani. Manda zake, yaani zile chapati nyembamba zinazokunjwa pembe tatu ili zishike nyama, zilikuwa zimesukumwa kwa mkono na mtu asiye na haraka.

Mmoja wa wanafunzi wangu, kijana mzaliwa wa Buyenzi, alikaa miaka kadhaa Guangzhou kusini mwa China kwa masomo. Alipoziona tambi zile alicheka, akaanza kutusimulia. Karibu na chumba alichopanga kulikuwa na mgahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, watu wa kabila la Hui, wenye migahawa ya namna hiyo katika miji mingi ya nchi ile. Kwa kuwa yeye ni Mwislamu, hapo alikula bila wasiwasi. Mpishi alikuwa akisimama mbele ya wateja, anachukua donge la unga wa ngano, analivuta kwa mikono miwili, analikunja, analivuta tena, mpaka donge moja linageuka kuwa nyuzi nyingi ndefu zinazoingia moja kwa moja katika supu ya ng’ombe. Pembeni waliuza vifuko vya unga vilivyojazwa nyama ya kondoo na kuchemshwa, ambavyo Wachina huviita jiaozi. “Mwalimu,” akasema, “ni sambusa iliyokataa kukaangwa.”

Akaendelea kusema kwamba mwenye mgahawa alimuuliza siku ya kwanza ametoka wapi. Alipojibu kwa jina ambalo Wachina wanaiita nchi yetu, Bulongdi, yule mzee hakuijua. Basi kijana akachovya kidole katika supu, akachora mezani bara la Afrika, halafu ndani yake ziwa refu jembamba, kisha akaweka nukta kando ya ziwa. Yule mzee akaitazama ile nukta mpaka ikakauka. Tangu siku hiyo kila kijana alipoingia, bakuli lake lilikuwa na nyama zaidi kidogo kuliko la jirani yake.

Tulikuwa bado tunacheka pale mteja wa meza ya pili alipomwita mhudumu. Alikuwa mtu mzima, amevaa vizuri, na kwa mazungumzo yake alionekana ni mfanyabiashara. Alisema kwa sauti iliyofika kila meza:

“Binti, hicho Kiswahili chako ni cha kambini. Wewe ni Mrundi kweli, au umevuka tu?”

Mhudumu akamjibu kwa Kirundi. Kirundi chake kilikuwa sahihi, lakini lafudhi yake ilikuwa na kitu cha ng’ambo, na yule bwana akacheka. Ndipo akarudi kwenye Kiswahili, polepole, kama mtu anayesoma cheti: “Baba, mzee wangu amezaliwa hapa hapa Rumonge. Mimi nimezaliwa Mishamo.” Akachukua sahani tupu, akaingia jikoni. Kwa muda mrefu hakutoka. Chai yetu ililetwa na mtoto.

Mimi nilinyamaza, mwalimu wa Kiswahili mwenye blogu ya elimu ya uraia. Nilizungusha tambi kwenye uma yangu kana kwamba nahesabu nyuzi zake. Tulipokuwa njiani kurudi, mwanafunzi aliyekuwa kimya siku nzima aliniuliza: “Mwalimu, kwa nini hukusema neno?” Sikuwa na jibu wakati ule. Makala haya ndiyo jibu langu, nalo limechelewa.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katika kitabu chenu cha mwaka wa kwanza, somo la pili linafundisha swali “Umetoka wapi?” pamoja na ndugu zake: “Kwenu ni wapi?”, “Wewe ni mwenyeji wa wapi?” Tunawafundisha maswali hayo kama maamkizi, na kwa kweli ni maamkizi. Anayeuliza kwenu ni wapi anatafuta kamba ya kukufunga naye: labda anamjua mtu wa kwenu, labda shangazi yake ameolewa huko. Swali la mzee wa Guangzhou lilikuwa la aina hiyo. Alitaka kujua mgeni wake ametoka wapi ili ajue ampikie vipi.

Sasa litazameni swali la yule bwana wa Rumonge. “Wewe ni Mrundi kweli, au umevuka tu?” Kisarufi ni swali la kuchagua, linalotumia kiunganishi “au”. Lakini maneno mawili madogo yamelifanya kuwa hati ya mashtaka. Neno “kweli” linadai ushahidi. Neno “tu” linamshusha mtu: hakuja, hakurudi, hakuhamia, amevuka tu, kama mbuzi aliyepita katika ua wa jirani. Mwanafunzi anaweza kukaa na kamusi mwaka mzima asigundue kwamba “tu” inaweza kuuma hivyo. Mhudumu aligundua mara moja, kwa sababu yeye aliulizwa na sisi tulisikiliza.

Na sasa turudi mezani, maana hapo ndipo ajabu ilipo. Bwana yule, alipokuwa anauliza swali lake, alikuwa na sambusa mkononi.

Jina sambusa lina asili ya Kiajemi. Limesafiri kupitia nchi za Waarabu na Bara Hindi na kupanda majahazi hadi pwani yetu, kisha likatembea na misafara mpaka maziwa makuu. Chai aliyokuwa akinywa imebeba neno la Kichina lililopitia Uajemi. Mchina husema “cha”, na sisi tumeongeza herufi moja tu njiani. Wale wanaodhani China imefika Burundi juzi, pamoja na makandarasi na simu za mkononi, wajue kwamba neno lake limekuwa vinywani mwetu kila asubuhi kwa vizazi kadhaa. Meza aliyoegemea ina jina la Kireno. Sahani ni Kiarabu, na samaki pia. Chapati na kachumbari zimetoka India. Ule ugali wa muhogo ambao sote tunaapa kwamba ni wa babu zetu unatokana na mmea wa Amerika ya Kusini, ulioletwa Afrika na Wareno. Mahindi nayo ni mgeni wa safari hiyo hiyo.

Kuhusu tambi, ngano haikuanzia hapa, na sanaa ya kugeuza unga kuwa nyuzi ni ya kale sana huko Asia. Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kwamba katika eneo la Lajia, kaskazini-magharibi mwa China, limefukuliwa bakuli la udongo lililopinduka, na chini yake tambi zenye umri wa miaka ipatayo 4,000, zilizotengenezwa kwa nafaka ya jamii ya mawele. Jina lake kwa Kiswahili, hata hivyo, ni letu wenyewe, na ni zuri. Fungueni kamusi mtazame neno “utambi”: ni ule uzi wa taa, unaonyonya mafuta ili uwake. Wingi wake ni tambi. Mtu fulani zamani aliziona nyuzi hizi za unga, akakumbuka koroboi ya nyumbani kwao, akazipa jina. Hivyo ndivyo kitu cha kigeni kinavyopata uraia katika lugha: tunakitazama vizuri, tunakifananisha na kitu tunachokipenda, halafu tunasahau kwamba kiliwahi kuwa kigeni.

Basi nauliza: kwa nini sambusa haiulizwi kwao, na binti aliyeileta anaulizwa?

Najua jibu mtakalopewa na watu wenye busara, kwa sababu nimelisikia mara nyingi na si jibu la kipuuzi. Watasema kwamba Rumonge ina historia yake. Ni kweli. Mwisho wa Aprili 1972 machafuko yalizuka katika eneo hili la kusini, Rumonge na Nyanza-Lac yakiwemo. Watu waliuawa, na ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi mno nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbia, wengi wao wakavuka ziwa usiku au wakapita nchi kavu hadi Tanzania. Huko wakapewa mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, katika mikoa ambayo leo ni Tabora na Katavi. Angalieni neno: ni makazi. Anayesema “Kiswahili cha kambini” anafikiria mahema na foleni ya unga, lakini watu wale walifyeka msitu, wakalima, wakajenga shule, wakazaa. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili kama watoto wengine wa Tanzania.

Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, na hasa kuanzia 2008, wakimbizi wa 1972 walipewa nafasi ya kuchagua. Zaidi ya 160,000 waliomba uraia wa Tanzania wakaupata. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi Burundi. Waliorudi Rumonge waliikuta ardhi ya wazazi wao ikiwa na watu wengine, wengi wao wakiwa wameishi hapo zaidi ya miaka thelathini, na baadhi wakiwa na karatasi halali mikononi. Tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipewa mafaili ambayo hakuna Sulemani angeyamaliza kwa siku moja. Shamba la michikichi si kiwanja kitupu: aliyepanda anataka matunda yake, na aliyepokonywa anataka udongo wake. Kwa hiyo, wanasema watu hawa wenye busara, mtu wa Rumonge anapouliza “wewe ni wa wapi?” anauliza pia “umekuja kudai nini?” Zaidi ya hayo kuna ng’ambo ya ziwa. Mnamo Januari 2018, mapigano ya Fizi yalipowafukuza Wakongo, maelfu walivuka kwa mitumbwi hadi ufuko huu. Mji ulio mpakani, wanasema, una haki ya kujua nani ni nani.

Naikubali hofu hiyo, ila siyakubali mahali inapopelekwa. Kujua nani ni nani kuna ofisi yake. Tarafa, ambayo kwa Kirundi huitwa komine, ina karani, daftari la uzazi na kitambulisho cha taifa. Mgogoro wa ardhi una baraza na mahakama. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 inatazama nasaba, na mtoto wa Mrundi aliyezaliwa Mishamo haachi kuwa mtoto wa Mrundi kwa sababu alijifunza kuhesabu kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2018 inakataza kumbagua mtu kwa sababu kadhaa, na miongoni mwake imetaja waziwazi asili na lugha. Mteja wa mgahawa hana muhuri. Alicholipia ni sahani ya chakula, na sahani ile haikuja na mamlaka ya kumkagua aliyeibeba.

Tena, ikiwa ni kujua nani ni wa wapi, hata mji wenyewe ungepata shida kujibu. Kabla ya 2015 Rumonge ilikuwa katika mkoa wa Bururi. Mwaka huo ikafanywa mkoa wenye jina lake. Kwa mabadiliko ya 2025, mikoa 18 ilipopunguzwa ikabaki mitano, Rumonge ikajikuta katika mkoa wa Burunga. Katika miaka kumi mji umebadilishiwa “kwao” mara mbili, nao haukusogea hata hatua moja kutoka ufukweni.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi kama mwalimu, nalo ni kwamba kosa la binti yule lilikuwa Kiswahili chake. Katika mazungumzo ya mitaani hapa Burundi, kumwita mtu Mswahili mara nyingi ni kumwita mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Hata Tanzania, ambako lugha hii ni ya taifa, neno “uswahili” huweza kutumika kwa maana isiyo ya sifa. Kwetu dharau hii ina mizizi mirefu. Waswahili wa ufuko huu, wazao wa wafanyabiashara na wapagazi wa karne ya 19 na wa wenyeji waliosilimu, waliishi miji kama Rumonge na mitaa kama Buyenzi, na kwa vizazi vingi walitazamwa kama wapangaji katika nchi yao. Nawakumbusha kwamba Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini ya ziwa, walipita kandokando ya ufuko huu huu, na wapagazi na wakalimani waliosafiri nao walizungumza Kiswahili. Lugha hii ilikuwa mezani kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa hapa.

Leo hali imekuwa ya kushangaza. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya waliamua kwamba Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kiwe lugha rasmi ya Jumuiya kando ya Kiingereza, na mwaka huo huo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Watoto wetu wanafundishwa Kiswahili tangu shule ya msingi. Kila Julai tunasikia hotuba kwamba Kiswahili ni daraja, ni soko, ni umoja. Ninyi wenyewe mnalipa ada ili mkijue, na mkikijua vizuri mtapongezwa, mtapata kazi mpakani, labda Arusha. Lakini mwanamke aliyekinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa mkimbizi, akikizungumza anatiliwa shaka. Kiswahili cha kununua kinaheshimiwa, cha kuzaliwa nacho kinakaguliwa. Nani kati yenu atanieleza mantiki ya jambo hilo? Mimi nimefundisha miaka mingi na siioni.

Siandiki haya ili tumchukie yule bwana. Simjui, na huenda ana faili lake mwenyewe la shamba lililolala katika ofisi fulani. Huenda jirani aliyerudi kutoka Tanzania amemtoa katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Ninalokataa ni desturi yetu sisi tuliokaa meza za pembeni: tunasikia, tunatazama sahani, tunaita ukimya wetu adabu. Kiswahili kina maneno mengi ya kumzuia mtu bila kumvunjia heshima, na ni fedheha kwangu kwamba siku ile sikuyatumia, mimi ninayeyatolea mitihani. Ningeweza kusema, “Mzee wangu, tumwache binti atuhudumie, chakula kinapoa.” Ningeweza kusema, “Baba, sote hapa ni wageni wake, yeye ndiye mwenye nyumba.” Ningeweza hata kusema neno moja la “jamani”, lile “jamani” refu la kuvuta, ambalo mjini Bujumbura linatosha kugeuza mazungumzo. Yaandikeni katika madaftari yenu. Katika mtihani wa Kiswahili cha mazungumzo nitayaomba.

Wiki mbili baadaye nilirudi Rumonge peke yangu. Sikuwa na sababu nyingine, ingawa nyumbani nilisema nakwenda kununua mawese, na kweli nilinunua dumu moja. Niliingia katika mgahawa ule saa saba ile ile. Mhudumu alikuwepo. Alinitambua, akaniletea maji ya kunawa, akaniuliza wale vijana wangu wako wapi. Nikaagiza tambi. Alipozileta nilimwambia, kwa Kiswahili nilichokuwa nimekipanga njia nzima tangu Minago, kwamba siku ile nilikosea kwa kunyamaza, na kwamba namwomba radhi.

Alisimama kidogo, ameshika kitambaa cha meza mkononi.

“Ulikuwa unakula, mwalimu,” akasema. “Tambi zikipoa hazina raha.”

Sijui kama alikuwa ananisamehe au ananisuta, na Kiswahili chake ni kizuri kiasi cha kuweza kufanya yote mawili kwa sentensi moja. Kisha akaniuliza kama aniongezee sambusa, maana zilikuwa zimebaki mbili na mafuta bado yalikuwa ya moto.